Springi za Baiskeli ya Kalunde

Chuma kilikuwa kimekatwa. Ndambuki alipitisha kidole pale, akahisi alama za meno ya msumeno. Mara mbili za kwanza alidhani kimevunjika chenyewe. Hii ya tatu aliangalia vizuri.

Baiskeli hiyo ya magurudumu matatu ilikuwa ya dada yake, Kalunde, aliyepooza miguu tangu utotoni na kuiendesha kwa mikono. Kila Jumatatu aliteremka nayo kutoka Mutituni hadi soko la Machakos kuuza nguo alizoshona. Mawe ya njiani yalimtikisa mgongo hata usingizi ukawa shida. Ndipo Ndambuki na rafiki yake Bartholomew, mafundi wa kuchomelea mjini, wakaamua kuitengenezea springi za mbele. Mwaka huo wa 2001 hakuna duka lililouza kitu kama hicho. Walifungua springi mbili za pikipiki kuukuu, wakazichomelea mikono miwili ya chuma, wakalifunga gurudumu katikati.

"Nimepita kwa mawe kama nimekalia mto!" Kalunde alisema.

Wiki mbili baadaye mkono mmoja ukakatika, langoni, kabla hajaingia barabarani. Ukatengenezwa. Ukakatika tena, palepale langoni. Kila mara Bartholomew alipanda mlima kuja kuufungua, akaupeleka mjini, akarudi kuufunga. Kalunde alimpikia chai, akamwuliza hiki na kile kuhusu vyuma.

Na sasa hii. Nani angemfanyia mlemavu ukatili huo? Ndambuki alikumbuka kwamba padre mmoja alikuwa ameagiza baiskeli tano kama ile, akampa yeye kazi hiyo, si Bartholomew. Tangu siku hiyo Bartholomew alikuwa mkimya.

Adhuhuri, karakanani mjini, alikitupa kile chuma mbele ya rafiki yake.

"Wewe ndiye wa mwisho kushika hii. Kama ulitaka kazi ya padre, si ungeniambia? Lakini kumwangusha dada yangu kwa mteremko!"

Bartholomew alikiokota, akakigeuza polepole. Msumeno ulikuwa umekata kutoka chini kwenda juu. Akainua macho kuelekea Mutituni, kisha akakiweka chini.

"Jitetee basi!"

"Sina la kusema, Ndambuki."

Huyu ndiye aliyemsimamia harusini. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la baba yao, bega kwa bega naye. Kikulacho ki nguoni mwako, Ndambuki aliwaza.

"Toka. Na kwetu usikanyage tena."

Bartholomew alikusanya vyombo vyake. Kabla wiki haijaisha, watu walisema amevuka mpaka kwenda Tanzania kutafuta kazi. Hakuna aliyejua ni mji gani.

Kalunde hakuambiwa lolote. Ndambuki angeanzia wapi kumweleza kwamba mtu aliyekunywa chai yake alitaka kumvunja shingo? Alitengeneza mkono mpya peke yake, chuma kinene mara mbili ya kile cha kwanza, akaufunga.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alirudi nyumbani mchana kuchukua koleo aliyoisahau. Akasikia mkwaruzo nyuma ya nyumba, akazunguka kwa kunyata.

Kalunde alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu la mbele, msumeno mkononi, mabega yake yenye nguvu yakienda mbele na nyuma. Alipomwona alishtuka, kisha akajifunika uso kwa leso, akacheka kwa aibu.

"Hii umeifanya nene sana, kaka. Usinigombeze. Yeye ni mtu wa haya, hawezi kusema, na mimi sina miguu ya kumfuata. Mwambie Bartholomew imevunjika tena, aje."