Ndege ya Asubuhi Mikumi

Tembo walikuwa wamesimama katikati ya kiwanja cha ndege cha Mikumi. Tumwagile akawasha gari akawaondoe, maana ndiyo kazi yake kila asubuhi.

Simu ikaita. Alikuwa dereva wa watalii.

"Dada, usihangaike. Walioinunua kampuni ya ndege wamefuta safari za Mikumi. Ndege ya leo inapitiliza."

Mngurumo ukasikika. Tembo wakatandaza masikio, kisha, bila honi wala kelele, wakatoka njiani wenyewe, wadogo wakitangulizwa. Jike mkubwa akasimama pembeni, mguu mmoja ameuinua, vumbi jekundu likimdondoka unyayoni.

Ndege ikapita juu, ndogo kama nzige, ikapotea nyuma ya milima.

Hakuna tembo aliyerudi njiani. Walikuwa bado wanaisubiri itue.

Tumwagile akazima gari, akasubiri nao.