Kichwa cha Msumari

Fundi Mkwizu aliweka kipande cha mbao ya mvule juu ya kaunta, akaomba ajaribu mashine zote mbili za kupigia misumari, zile za betri. Mwezi ule nyundo ilikuwa imemponyoka mara mbili akiwa juu ya paa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka.

Mashine ya kwanza ilizamisha msumari mpaka kichwa kikalala sawa na mbao.

"Hiyo ina nguvu," alisema Bi Tausi, mwenye duka, "ila inataka kusafishwa kila siku."

Ya pili iliacha kichwa kikichungulia kidogo.

"Hiyo haisumbui, ukiifuta vumbi basi. Lakini mvule unaishinda, unaona mwenyewe. Chukua ya kwanza, fundi."

Mkwizu alikipapasa kile kichwa kwa kidole gumba.

"Nipe hii ya pili."

"Na misumari utaimaliziaje?"

Alichomoa nyundo kiunoni. "Kila msumari, hii itaniachia pigo moja la kwangu mwenyewe."

Akainua mkono, ukatetemeka hewani. Bi Tausi aliishika mbao kwa mikono miwili, vidole vyake karibu kabisa na msumari, akangoja.