Nguruwe wa Winfred Wanaendesha Tena

"Daktari, wanaendesha tena," Winfred alisema kwenye simu. Njiru, daktari wa mifugo wa Runyenjes, akawasha pikipiki kuelekea Karurumo.

Njia nzima alikuwa akiwaza. Tangu watoto wale wa nguruwe waachishwe kunyonya, alikuwa amejaribu kila alichojua kuzuia kuhara. Alitia asidi kwenye maji yao ya kunywa. Akapunguza soya. Mwishowe akaleta unga wa bakteria wazuri wa tumbo, wa kuchanganywa na chakula, unga aliousifu mwenyewe kwenye mikutano ya wakulima. Sasa alikuwa ameanza kuwaambia wakulima hao wasiununue.

Winfred alimpokea langoni amevaa blauzi ya kanisani, ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa mjane. Banda lake lilikuwa safi kuliko nyumba ya Njiru, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akiishi kwa mkate na soda.

"Jionee," alisema, akionyesha sakafu.

Uchafu ulikuwa pale pale pa siku zote, karibu na mlango: mwepesi, rangi ya kahawia. Nguruwe mmoja alikuwa akiulamba kwa bidii. Wenzake walikuwa wanono, mikia imejikunja, wakipigana vikumbo kwenye chakula.

Njiru aliwapima joto. Hakuna homa. Akainua mkia mmoja mmoja. Pakavu.

"Watakufa?"

"Hawa? Hapana, Mama Wawira."

"Basi kunywa chai kwanza, ndiyo ufikirie vizuri."

Alikunywa chai, akala mukimo, akafikiria. Walizungumza kuhusu mvua, kwaya, na Wawira aliyekuwa chuoni. Njiru alicheka mara mbili, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Alipoaga, hakuelekea kwenye pikipiki. Alirudi bandani, Winfred akimfuata nyuma, akachuchumaa karibu na mlango. Akachovya kidole kwenye ule uchafu. Akakilamba.

Winfred aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Njiru alifuta kidole kwa kitambaa, akavaa helmeti, akafunga mkanda wake polepole.

"Winfred," alisema, "nitakuja Jumamosi. Huu uji wa wimbi usiumwage tena. Nitilie kwenye kikombe."