Majina ya Kuombewa

Siku ya nne ya mgomo wa wakata mkonge, mzee mmoja mgeni alimkuta kiongozi wao, Namsifu, ameketi peke yake nyuma ya ghala.

"Shikamoo," alisema Namsifu, macho yake yakiwa kwenye mfuko wa mzee.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Elikunda. Nimesikia huli wala hulali. Nimekuja kukuombea."

"Nani amekutuma?"

"Magoti yangu haya."

Namsifu hakucheka. Mwezi uliopita, mgomo ukiwa bado unapangwa kwa siri, alikuja mhubiri mwenye sauti tamu, akaandika majina ya wote waliotaka kuombewa. Kesho yake alfajiri, polisi walipita nyumba kwa nyumba na orodha ileile. Tangu hapo Namsifu hakuomba tena, wala hakumruhusu mtu amwombee, na moyo wake ulikuwa umekauka.

Mzee alitoa karatasi na penseli. "Niandikie majina."

"Ahaa! Kwani Mungu wako hana kumbukumbu?"

"Anayo. Mimi ndiye niliyezeeka, nasahau."

Namsifu aliishika penseli kwa muda mrefu. Kutoka getini aliwasikia wenzake wakiimba kwa sauti zilizochoka. Mwishowe aliandika jina moja tu, la kwake mwenyewe, akaikunja karatasi na kumnyooshea mzee.

Mzee aliishika, akafumba macho, akaanza kuomba. Namsifu hakufumba yake, wala hakuiachia karatasi.