Bahasha ya Mbwambo

Kila aliyetimiza miaka arobaini na mitano hutumiwa bahasha na zahanati, atie kinyesi kidogo, airudishe posta, kipimwe saratani ya utumbo. Asiyeirudisha, mlango wa zahanati haumfungukii.

Mbwambo hakukubali kinyesi chake kiende kwa watu asiowajua. Siku maji yalipokatika, choo kikabaki hakijamwagiwa maji, alichota cha mkewe, Nakiete, kwa siri, akakituma.

Jibu lilikuja Jumanne. Nakiete alilisoma huku akicheka: "'Hiki si chako, Mbwambo. Mwenyewe aje kesho. Ana uvimbe mdogo, bado unatibika.' Baba Elinaza, uliogopa kurogwa?"

Mbwambo hajawahi kuwapa hata unywele wake. Wamejuaje?

"Sema basi, tumwahi mgonjwa wa watu," alisema Nakiete. "Ulichukua cha nani?"