Kugonga Bomba

Injinia Chausiku alifunga koki ya mvuke bila kugonga bomba. Viwanda vitatu vilivyopakana, cha sukari, cha sabuni na cha karatasi, vilizoea kugongeana bomba kwa spana kabla ya kugusa koki na kusubiri jibu kutoka ng'ambo ya ukuta, lakini yeye, aliyekuwa mgeni kazini, aliona ni ushamba. Alichotaka ni mvuke wa kiwanda chake cha sukari usiende bure kwa majirani.

Mitambo ya sabuni ilinyamaza kwanza. Kisha ya karatasi. Halafu Songoro wa boila akaja mbio.

"Injinia, maji ya boila yanakwisha! Watu wa karatasi wamezima pampu."

"Kwani maji yetu yanatoka kwao?"

"Ndiyo. Nao wanasubiri maji ya moto ya sabuni, na sabuni wanasubiri mvuke wetu."

Mvuke uliobaki ungetosha kuamsha mitambo ya majirani mara moja tu. Ukiwakuta wamefunga koki zao, basi tena.

"Fungua sasa!" Songoro alisihi.

Chausiku alichukua spana, akagonga bomba. Akaegemeza ncha moja ya spana kwenye bomba, nyingine akaiweka sikioni kusikiliza jibu, macho kwenye geji ya mvuke.

Mshale ulikuwa unashuka, na jibu lilikuwa bado. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyowahi kuitukana.