Maji Yapandayo Ngazi

Kurwa aliyapandisha maji mpaka orofa ya tatu bila ya kugusa mtungi.

“Yanakuja yenyewe,” alisema, na vidole vyake havikuacha kusuka ukili wa mkeka. “Bomba linapanda ukutani kama mjusi. Mtu kakaa kitako, anazungusha kijichuma, maji haya hapa.”

Wanawake wa uani wakaangua kicheko. Kazija mpishi akamtupia ganda la muhogo. “Na mtungi wangu nitaupeleka wapi, we mrongo?”

“Upandie mchicha.”

Huo ndio uliokuwa mchezo wao kila baada ya alasiri, nyumbani kwa Bwana Suud pale Malindi, Unguja: kusema ulimwengu utakavyokuwa. Kurwa ndiye fundi wao. Taa zitawaka bila ya mafuta. Mtu wa Bububu atasema, na wa Makunduchi atamsikia bila ya kunyanyuka kitini. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na taa wala bomba. Ilikuwa ya mjakazi anayetoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na hapana anayemuuliza anakwenda wapi.

Mwaka huo ulikuwa 1897, na sheria ilishatoka. Mtumwa anayetaka uhuru aende kortini akauombe. Kwenda si kazi. Kazi ni kujibu. Utakaa wapi? Utakula nini? Asiye na jibu huitwa mzururaji. Kurwa alikuwa nalo. Mabrouk, hamali wa forodhani, alishapata karatasi yake ya uhuru, na kule mtaa wa Ng'ambo alikuwa anakandika kibanda cha udongo. Kikikauka tu, waoane. Basi Kurwa akawa analitia jambo lake ndani ya hadithi, kila siku kipande, ajizoeze: atoke saa ngapi, asimame wapi, aseme nini asibabaike.

“Ndipo karani akamuuliza...” alikuwa anasema siku moja, akasikia mtu anakohoa.

Bi Sheikha, mke wa Bwana Suud, kasimama mlangoni, sijui tangu lini.

Wanawake wakainamia kazi zao.

“Endelea,” alisema Bi Sheikha, akavuta kigoda. “Huyo mjakazi wako kajibu nini?”

“Hadithi tu, Bibi.”

“Na mie nataka hadithi. Wanatoka wote? Hapana anayebaki?”

“Wote, Bibi.”

“Na bibi yao? Nani atampikia?”

“Atapika mwenyewe, Bibi. Ataunguza siku mbili tatu, kisha atajua.”

Bi Sheikha akacheka mpaka akajifuta machozi. “Nimemlea yule,” Kazija alinong'ona alipokwishaondoka, “na sijamwona akicheka vile.”

Tangu siku ile mambo yakageuka.

“Kurwa!”

“Labeka, Bibi.”

“Weka ufagio huo. Njoo juu unihadithie.”

Kurwa akatolewa jikoni. Akapewa jozi ya leso mpya, akatiwa hina mikono na miguu. Bwana Suud alikuwa kitandani mwaka wa tatu, kapooza, hata kijiko hashiki. Kurwa akatandikiwa godoro chumbani mwa Bwana, ampe maji akizindukana. Majirani, Bi Hamda na Bi Ruqaya, wakaalikwa kuja kusikiliza maajabu. Wakamkuta Kurwa kakaa juu ya zulia ubavuni mwa kitanda, kavaa kapendeza, wakatazamana. Hata Bwana Darwesh, kaka yake Bi Sheikha, aliyekuja na ile karatasi ya sheria kumsomea dada yake neno kwa neno, alimuitikia Kurwa “Marahaba” kwa adabu ambayo hakuwa nayo zamani.

“Mtu hubadilika,” Kurwa alimwambia Mabrouk sokoni. “Kila siku ananiuliza, kisha ikawaje, kisha ikawaje. Labda nikimuomba ataniachia mwenyewe.”

“Usimuombe,” alisema Mabrouk. “Kibanda kimekauka. Twende.”

Jumatatu asubuhi Kurwa alishuka ngazi akatoka kwa mlango wa mbele. Bi Sheikha alikuwa dirishani. Alimwona vizuri, na wala hakumuita. Kurwa moyo ukamjaa. Nusura arudi ambusu mkono.

Kortini kulikuwa kama alivyokusema. Meza ndefu, karani mwenye miwani, watu wamejipanga ukutani. Mabrouk alisimama nyuma yake, kavaa kanzu ya kuazima.

“Utakaa wapi?”

“Ng'ambo. Nyumba iko tayari.”

“Utakula nini?”

“Nnasuka mikeka. Na mchumba wangu ni hamali.”

Hakubabaika hata neno moja. Nyuma yake alimsikia Mabrouk akishusha pumzi. Karani akafunua kitabu kikubwa, akashusha kidole taratibu, kidole kikasimama.

“Kurwa wa Bwana Suud, Malindi?”

“Ndimi.”

“Limebaki suala moja. Kwa Bwana Suud, unalala wapi?”

Hilo halikuwamo katika hadithi. Lakini lilikuwa jepesi kuliko yote, na Kurwa akalijibu huku anatabasamu.

“Chumbani kwa Bwana.”

Karani akachovya kalamu, akaandika.

“Ndivyo walivyosema mashahidi wa Bi Sheikha,” alisema. “Sheria imewafungua watumwa, Bi Kurwa. Suria, mjakazi alalaye na bwana wake, amehesabiwa mke, haimhusu. Rudi kwa mumeo.”